Mwaka Nilioficha Visu

Wifi yangu Adela alipofariki, wanawe waliniletea wasifu wa marehemu niupitie kabla haujasomwa makaburini, kwa sababu ukoo mzima unanijua kwa tabia ya kuhesabu. Nikauhesabu mara mbili: mistari kumi na tisa. Alizaliwa Nyamahanga, wilaya ya Biharamulo. Alisoma mpaka darasa la saba. Aliolewa na kaka yangu Deo akaja kuishi kwetu Bukiriro. Alijaliwa mtoto wa kwanza, Yustina, kisha wa pili, wa tatu na wa nne. Aliimba kwaya. Aliugua presha. Kati ya mtoto wa kwanza na wa pili waliweka mkato tu. Nilishika kalamu nikautazama ule mkato mpaka chai yangu ikapoa, halafu nikawarudishia karatasi yao nikasema haina kosa. Waombolezaji walikuwa wengi na jeneza lilikuwa linasubiri. Haikuwa saa ya kufundishana. Lakini ndani ya mkato ule kuna mwaka mzima, na mwaka ule niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kabla au baada yake, nami ni mtu niliyewahi kuvuka msitu wa Biharamulo ndani ya lori lisilo na breki, majambazi wakiwa mbele na dereva akiwa amelewa.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu wakimbizi wavuke mpaka. Tulikuwa wilaya ya wakulima wa migomba, kufumba na kufumbua tukawa majirani wa mji mkubwa kuliko yote tuliyowahi kuisikia, mji wa maturubai ya buluu usiokuwa na hata mgomba mmoja. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilielewa jambo moja mapema kuliko wenzangu: watu wanaogawiwa mahindi kila mara hutamani ndizi, na watu wanaokula ndizi kila siku hutamani mafuta ya kopo. Nilikwenda na mkungu kichwani, nikarudi na kopo. Mteja wangu mkubwa alikuwa Mama Speransia, mwanamke wa makamo, mkunga huko kwao, ambaye sasa alisaidia kwenye hospitali ya mahema pale kambini. Lugha yake na Kihangaza chetu ni watoto wa baba mmoja, kwa hiyo tuligombana bila mkalimani. Siku ya kwanza aliugeuza mkungu wangu huku na huku, akauliza, "Binti, hizi ndizi zimetimiza miezi yake au ni njiti?" Nikamjibu kwamba kwa mafuta yenye mashapo kama yale yake, hata njiti ni zawadi. Akacheka, nami nikajua nimempata mtu wa kufanya naye biashara.

Adela alijifungua Yustina mvua za masika zilipoanza. Kwetu mzazi hukaa chumba cha ndani. Hashiki jembe wala sufuria, hapazi sauti. Anakula, ananyonyesha, analala, na dada wa mume huwekwa naye humo humo awe mikono na miguu yake. Dada huyo alikuwa mimi. Adela alikuwa Msukuma, na kwa uzazi wa kwanza alitaka kwenda kujifungulia kwa mama yake Nyamahanga, lakini njia ya msituni mwaka ule haikuwa ya kupita mwanamke mwenye tumbo. Kihangaza alikijua cha kusalimia na cha kuomba maji. Deo alikuwa mlinzi kwenye ghala la chakula kambini na alikuja nyumbani Jumapili tu, akanywa uji, akamtazama mtoto kama mtu anayekagua mlango aliokabidhiwa, akaondoka. Basi Adela akakaa kimya, na sisi sote tukaupenda ule ukimya. Wanawake walikuja na vibuyu vyao vya kumpongeza, wakaketi kwenye mkeka, wakamsifu mbele yake kama vile hayupo. "Huyu ametulia," alisema jirani mmoja. "Si kama hawa wa siku hizi, amezaa jana, leo yuko mlangoni meno nje." Mwingine akasema, "Na mlituambia Wasukuma wana makelele!" Mama yangu akavimba kwa fahari utadhani ukimya ule ameusuka yeye. Nafikiri ndilo kosa letu sisi, watu wa chumba cha ndani. Tulikuwa tumeijenga adabu ya mzazi kwa umbo lile lile la ugonjwa wake, kwa hiyo ugonjwa ulipoingia ukakuta kiti, ukakaa.

Mimi niliona mapema, na hili sijawahi kulisema. Siku ya nne Adela alinisogezea sahani yake, ndizi na maharage na paja la kuku, akaniambia kwa Kiswahili, ambacho ndicho tulichozungumza sisi wawili, "Wifi, kula wewe. Wakiuliza, sema nimekula mimi." Paja la kuku! Nyumbani kwetu paja lilikuwa la baba, na baba alipokufa likawa la wageni. Nilijiona nimepata bei nzuri kuliko yoyote niliyowahi kupata sokoni. Nikala. Sahani ikarudi jikoni tupu, mama akafurahi, akaongeza. Asubuhi nilikunywa uji wa ulezi wa mzazi, mchana nikala kuku wa mzazi, na kila nilipoulizwa nilisema, "Anakula vizuri, mama, vizuri sana." Wiki mbili nilinenepa mashavu. Adela akabaki macho tu. Nilikuwa na akili ya kugundua debe la mahindi lililopungua kikombe kimoja, lakini mwanamke aliyekuwa anapungua ubavuni mwangu nilimwacha apungue, kwa sababu upungufu ule ulikuwa unaniingia mdomoni.

Kilichonishtua mwishowe ni mtoto. Nilizoea kuhesabu mikunjo ya mapaja yake, mitatu huku, mitatu kule. Wiki ya tatu nikahesabu miwili, nikarudia, miwili. Adela alimnyonyesha akiwa ameuelekezea ukuta uso, na mtoto akilia yeye hakushtuka; alisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua kwenye bati la jirani. Hakuwa mkali, hakumpiga. Aliniuliza siku moja, kwa upole kabisa, "Wifi, huyu mtoto mama yake atakuja lini?" Nikacheka. Nilidhani ni utani wa Kisukuma.

Halafu ikaja alasiri ya mvua, mama yuko jikoni, mimi nakunja nepi. Adela akasema bila kugeuka, "Kile kisu cha kumenyea ndizi kinawekwa wapi?"

"Jikoni, wifi. Unataka kumenya? Mzazi hamenyi."

"Kitoe."

"Nikitoe nikipeleke wapi?"

"Nisipopajua. Na kile kidogo. Na panga. Na kamba ya mbuzi." Kisha akasema, "Vinanijia kichwani, wifi. Sitaki, lakini vinakuja. Naviona na mimi, halafu naviona na mtoto. Usimwambie mama. Ukimwambia watasema namroga mwanangu, watanirudisha kwetu bila yeye." Alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi wakati chumba kilikuwa na moto. Nikaapa. Katika maisha yangu nimefanya mapatano mengi ya kijinga, lakini lile ndilo pekee lililonifanya nitetemeke nikiwa nimeketi.

Nikaficha. Visu viwili nikavizamisha ndani ya gunia la maharage, panga nikalichomeka kwenye paa la banda la mbuzi, kamba nikaivaa kiunoni chini ya kitenge, na nyembe tatu nikazifukia nyuma ya choo. Nilivihesabu vikiwa vinaingia na nilivihesabu kila asubuhi nikipapasa. Sijui kama umewahi kuishi katika nyumba ya Wahangaza isiyokuwa na kisu. Ndizi hazimenyeki kwa meno. Siku ya kwanza mama alitafuta, siku ya pili aliazima kwa jirani, nami nikakipoteza cha jirani pia. Siku ya tatu alisimama mlangoni mwa chumba cha ndani, mikono kiunoni.

"Sabina. Visu vyangu viko wapi?"

"Sijui, mama."

"Panga la marehemu baba yako liko wapi?"

"Sijui."

"Mbuzi yuko kwenye mihogo ya watu kwa sababu hana kamba! Umeviuza kambini. Sema. Umekwenda kubadilisha panga la baba yako kwa mafuta!"

Nilimtazama Adela. Alikuwa amefumba macho. Nikasema, "Ndiyo, mama. Nimeviuza."

Kwa mtu wa sokoni hakuna aibu kubwa kuliko kukiri biashara mbovu ambayo hata hukuifanya. Mama aliuliza nimepata nini. Nikasema mafuta. Akauliza mafuta yako wapi. Nikasema yamemwagika. Akaketi chini. Deo alipokuja Jumapili alinizaba kibao kimoja na kunikataza kukanyaga kambini, na majirani wakaanza kuhesabu vyombo vyao nikiaga. Nilivumilia yote hayo. Ambacho sikuweza kuvumilia ni kukaa ndani siku nzima sasa, nikiwa peke yangu ninayejua. Niliogopa kwenda chooni. Niliogopa kusinzia. Nilijifunza sauti ya pumzi yake na pumzi ya mtoto, moja nzito na moja nyepesi, na moja ikikatika niliinuka. Siku moja nilikwenda kuchota maji tu, safari ya dakika kumi. Niliporudi nilimkuta Yustina amelazwa kwenye mkeka wangu, amevikwa nguo zake zote, moja juu ya nyingine, ameoshwa uso, na kanga zake zimekunjwa vizuri pembeni kama za msafiri. Adela hakuwepo. Nilimfunga mtoto kifuani nikateremka migombani nikiteleza kwenye matope, mpaka nikamwona chini bondeni, pekupeku, anatembea kuelekea mtoni bila haraka. Mwaka ule hakuna aliyekuwa akienda mtoni. Tulishaona miili mingi iliyopita na maji yale.

"Wifi! Unakwenda wapi?"

Akageuka. Akamtazama mtoto, si mimi. "Nilikuwa nakwenda kuoga," akasema.

Nilimrudisha nikimshika kanga kwa nyuma kama mtu anayemrudisha ng'ombe aliyezoea kutoroka. Mama alipotuona tumelowa aliuliza, nikasema mzazi alitaka hewa. Hata hapo sikusema. Nimejiuliza miaka mingi kwa nini, na jibu langu halinipendezi: kiapo kilikuwa sababu moja, lakini ya pili ni kwamba ningesema, ningelazimika pia kusema nani alikuwa anakula chakula.

Siku mbili baadaye Mama Speransia alitokea uani kwetu. Alikuwa ametembea toka kambini kwa sababu sikuwa nimeonekana siku tatu za soko, na, kama alivyoniambia baadaye, mfanyabiashara mgomvi kama mimi haachi kuja ila amekufa. Mama alikuwa anapondaponda ndizi kwa jiwe. Alipojua mgeni anatoka wapi, aliinuka na jiwe mkononi.

"Kumbe ndiye wewe! Nirudishie panga la mume wangu."

"Panga gani, mama?"

"Na visu! Viwili! Na cha jirani! Na kamba ya mbuzi! Mnatukuta na mioyo mizuri, mnatuachia nyumba tupu?"

Mama Speransia hakukasirika. Alinitazama mimi, akatazama lile jiwe na zile ndizi. Ndani Yustina alikuwa analia kwa sauti iliyokauka, ya mtoto aliyelia muda mrefu bila kuinuliwa. Alisikiliza. Kisha akasema polepole, kwa lugha yake ambayo ni kama yetu, "Mimi sikununua kisu hapa. Mtu anayeficha visu na kamba na panga kwa pamoja hauzi. Mama, humo ndani una mzazi?"

Aliweka kikapu chini, akaingia. Nilimfuata. Hakumgusa mtoto kwanza, hilo nalikumbuka, aliketi kitandani kando ya Adela, akasubiri kidogo, akamuuliza kwa Kiswahili chake cha kambini kilichovunjikavunjika, "Mwanangu, unafikiri kufa?"

Nilitaka kumziba mdomo. Nilidhani neno kama lile ukilitaja mbele ya mtu kama yule, unampa ruhusa. Adela aliugeuza uso kutoka ukutani. Halafu akasema, "Kila siku," na kwa mara ya kwanza tangu azae akalia. Alilia kwa sauti, kwa Kisukuma, akimwita mama yake. Nyuma yangu jiwe lilianguka. Mama yangu alijua Kiswahili cha sokoni tu, lakini "kufa" alilielewa, na "kila siku" pia.

Hapo ndipo na mimi nikafungua mdomo. Nikasema visu viko wapi, nikasema mtoni, nikasema kuku. Nililieleza la kuku mwisho, nikitegemea kupigwa. Mama Speransia akaniambia tu, "Sasa utapika wewe, na utakaa mpaka ameze." Akamgeukia mama. Alisema huu si uchawi wala si uvivu, si Usukuma, na si kwamba hampendi mtoto. Ni ugonjwa unaowafuata baadhi ya wazazi, alikuwa ameuona kwao kabla ya vita na alikuwa anauona kambini kila wiki, na unapona, ila hauponi kwa kufichwa. Asiachwe peke yake hata kidogo. Alale, na mtoto alelewe na wengine akilala. Kesho aletwe hospitali amwone daktari. "Na mumuulize," akasema. "Kila siku mumuulize. Kumuuliza hakumpi wazo. Wazo analo tayari, msipomuuliza atakufa nalo peke yake."

Mama alikuwa ameegemea mwimo wa mlango. Nilimtarajia abishe, alikuwa hodari wa kubisha kuliko mimi, ndiko nilikochukua. Akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nilidhani ni mimi tu."

"Lini, mama?"

"Nilipokuzaa wewe," akanijibu bila kuniangalia. "Nilikuweka mbali na mimi mpaka ulipoanza kukaa. Bibi yako alisema nina moyo wa jiwe. Nikaamini, nikanyamaza." Nilisimama pale nikihesabu, miezi sita au saba ya maisha yangu, nikahesabu tena. Kisha mama akaingia chumbani, akamwinua Yustina, akaketi upande wa pili wa Adela, naye akamwambia kwa Kihangaza maneno mengi ambayo Adela hakuyaelewa hata moja, lakini hakuuondoa mkono wake.

Asingepona kwa siku moja, na hakupona kwa siku moja. Daktari wa mahema alimpa vidonge na akatupa miadi. Deo aliambiwa ukweli na Mama Speransia mwenyewe, mlangoni mwa ghala alilolinda. Alikuja nyumbani siku ya Jumatano, jambo lisilokuwa na mfano, akaniomba radhi kwa kibao kwa kuninunulia kandambili, zote mbili za mguu wa kushoto. Aliomba ruhusa, akapanda lori lililosindikizwa na askari, akarudi na mama yake Adela. Wale wanawake waliomsifu mzazi kwa ukimya mama aliwaita tena, akawaeleza. Mmoja hakurudi; aliogopa kuambukizwa. Wanne wakagawana siku. Walikuja na ukili wao wa kusuka mikeka na maharage yao ya kuchambua, wakafanya kazi zao chumbani mle, wakisengenya kwa sauti, na kila mmoja akiingia alimuuliza Adela swali lile, wengine kwa haya, mmoja kwa kupayuka kama anauliza bei ya samaki. Kuna siku alijibu, "Leo kidogo." Kuna siku alijibu, "Leo sana," nasi hatukuondoka mlangoni. Mimi nilimlisha. Nilihesabu matonge yakiingia, na kila nilipotamani kuku wake nilishika mashavu yangu.

Kiangazi kilikuwa kimeanza, siku moja nimeketi uani nikimwogesha Yustina kwenye beseni, Adela aliposimama mlangoni akanitazama, akakunja uso. "Unamshikaje huyo? Unamshika kama mkungu wa ndizi. Leta mtoto wangu." Nikampa. Nilijifanya sabuni imeniingia machoni, nikaenda nyuma ya nyumba. Hata hivyo sikuacha kumfuata. Mwaka mzima akienda bustanini nilikuwa na sababu ya kwenda bustanini, mpaka akaanza kunitania kwamba amepata mbuzi asiyehitaji kamba.

Kambi ilifungwa mwishoni mwa mwaka uliofuata. Watu walipita barabarani siku nyingi, na mizigo yao, na watoto wao, na nilisimama kando nikiutafuta uso mmoja. Sikuuona. Nilikwenda mpaka pale lilipokuwa hema lake nikakuta ardhi iliyopigwa miguu na mafiga matatu. Mpaka leo sijui alifika wapi, wala kama alifika.

Haikupita miezi mitatu Adela akanifuata shambani, nikiwa napalilia maharage, akaketi kwenye tuta. Akaniambia ana mimba. Nilisema "Hongera, wifi," na jembe langu likakata mche wa maharage badala ya gugu. Yule aliyejua hakuwepo tena. Mahema hayakuwepo. Tulibaki sisi, mama yangu, wanawake wanne, na zahanati iliyofungua mlango siku ilipotaka. Adela aliniona usoni, akacheka kidogo, lakini mikono yake ilikuwa inachuma majani ya maharage na kuyapasua moja moja.

"Naogopa," akasema. "Usinifiche kwamba na wewe unaogopa, nakuona. Sikiliza. Safari hii utaniuliza kila siku, tangu sasa, usingoje nizae. Nikikujibu vibaya, kaa na mimi. Nikikujibu vizuri upesi upesi, ujue naficha, ndipo uende ukamwite mama."

Nikaketi kwenye tuta kando yake. "Haya," nikasema. "Leo je, wifi?"

Hakujibu upesi. Alitazama bondeni, akatazama mikono yake, akafikiri.